Sufuria ya Shaba Ikiungua

Leo tunataka kuzungumza juu ya sufuria. Msicheke.

Kikundi kimoja cha akina mama huko Pwani kina sufuria kubwa ya shaba ya kupikia pilau ya arusi. Wanaikodisha, na pesa zake zinasaidia karo. Siku moja mpishi aliiacha motoni tupu, akaenda kupokea mchele. Kurudi, ndani ni nyeusi. Aliogopa lawama, akachukua waya akasugua mpaka ikang'aa nyekundu. Sote tulimsifu. Kumbe tulikosea. Mzee mmoja fundi alipoiona alisema, "Hii msiipikie mtu."

Ule weupe wa ndani si uchafu. Ni bati, limepakwa ili chakula kisiguse shaba. Bati huyeyuka kwenye joto la nyuzi 232 tu, kwa hiyo sufuria tupu haivumilii moto mkali. Shaba ikibaki wazi, ndimu, ukwaju na nyanya huila, ikaingia katika chakula. Watu hutapika na kuumwa na tumbo. Kutu ya kijani nayo ni sumu.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, iacheni ipoe yenyewe. Mkiimwagia maji baridi itapinda.

Pili, ndani tieni maji na magadi kidogo, mchemshe polepole, ilale usiku kucha. Asubuhi ondoeni masizi kwa mwiko wa mbao na kitambaa. Waya na mchanga, hapana.

Tatu, nje sugueni kwa kipande cha ndimu na chumvi, msuuze, mkaushe.

Nne, itazameni ndani penye mwanga. Bati likiwa la kijivu, si neno. Mkiona wekundu wa shaba, ipelekeni kwa fundi itiwe bati upya. Mwulizeni anatumia nini: iwe bati tupu, si lehemu yenye risasi. Risasi hudhuru akili za watoto.

Wale akina mama walikuwa wamepokea arubuni ya biriani ya Jumamosi. Waliirudisha. Iliwauma, lakini waliirudisha. Kisha wakakubaliana gharama ya fundi itoke katika mfuko wa kikundi, si kwa mpishi peke yake.

Hapo ndipo penye somo letu. Mwanakikundi akijua hatafokewa, atasema mapema. Akiogopa ataficha, na wageni wa arusi ndio watakaokula alichoficha.