Nguvu za Mzee Kalebu

 

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 14, twamwona mzee Kalebu. Alikuwa na miaka 85, naye alisema nguvu zake zilikuwa zile zile alizokuwa nazo akiwa na miaka 40, Musa alipomtuma kuipeleleza nchi. Je, aliomba nini? Aliomba apewe nchi ya milima, mahali penye kazi ngumu!

Wengi wetu twautamani ujana huo, lakini twautafuta dukani, ndani ya kopo la mafuta ya uso. Ndugu msikilizaji, mafuta hayawezi kurudisha kinachoharibiwa kila siku. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, ngozi ikakosa chakula chake, na mikunjo huja kabla ya wakati. Ulevi na kukosa usingizi navyo huuchosha mwili.

Hapa kwetu Kuria tumbaku imekuwa zao la fedha kwa miaka mingi. Mwenye kuchuma majani yaliyolowa umande huingiwa na nikotini kupitia ngozi, hata kama hajavuta sigara maishani mwake. Ndipo huona kizunguzungu na kutapika. Kisha huja moto wa kukaushia majani, moshi, na usiku wa kukesha. Watoto nao huitwa kusaidia. Hatumhukumu mtu, maana twajua karo za shule zimelipwa kwa jasho hilo. Lakini tuulizane: mzazi anayeuza afya yake ili asomeshe mtoto, ni nani atakayemtunza mtoto huyo kesho?

Mlango mwingine upo. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, pamoja na serikali, yalianzisha mpango katika Kaunti ya Migori wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharage yenye madini ya chuma kwa wingi. Chuma hicho husaidia kujenga damu. Tena maharage yasiyouzwa huingia chunguni. Tumbaku isiyouzwa, mama atampikia nani?

Basi, anza na hatua moja. Kama huwezi kuacha zao hilo msimu huu, tenga kipande cha shamba kwa chakula. Usichume majani yakiwa na umande, vaa glavu na mikono mirefu, na mtoto abaki shuleni. Kijana, usiijaribu sigara ya kwanza. Kula mboga, maharage na uji wa wimbi, lala mapema, samehe kabla ya kulala, kwa maana kinyongo hufukuza usingizi.

Mvi zitakuja, nazo si aibu. Kitabu cha Mithali huzihesabu kuwa heshima. Tuombe zitukute kama zilivyomkuta Kalebu, bado tuna nguvu ya kuupanda mlima tuliopewa.