Ndoo ya Taka Katika Mwezi Mtukufu
(Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mama zangu, baba zangu na vijana wenzangu, nilipoambiwa nizungumze, huenda mlitarajia fadhila za kumi la mwisho. Mimi leo nitazungumza juu ya ndoo ya taka. Msicheke, nina sababu.

Sisi twakaa ghorofa ya nne hapa Mombasa. Hakuna uwanja, hakuna hata pa kuweka chungu cha mchicha. Ukimwambia mama achimbe shimo la mbolea atakuuliza achimbe wapi, sebuleni? Basi Ramadhani iliyopita nikashuka na mfuko wa taka mbio mbio kuwahi isha. Ukapasuka ngazini. Maji ya samaki, mbaazi za jana na mchuzi vikateremka mpaka mlangoni kwa bibi mmoja mtu mzima wa chini. Nami nikaruka, nikaenda zangu msikitini. Niliporudi ngazi ilikuwa inang'ara. Amesugua mwenyewe, na magoti yake yale. Akaniuliza tu, "Uliidiriki jamaa, mwanangu?"

Wallahi sikuwa na jibu.

Tuanze na sufuria, maana taka nyingi huanzia hapo. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na tukakatazwa israfu. Sasa sisi kwa futari ya watu sita twapika tambi, mihogo, mbaazi, viazi karai, kaimati, na juu yake wali wa daku! Saa nne usiku nusu yake yangaliko. Kijana, mpelekee jirani sahani kabla chakula hakijaguswa, si kikishachacha.

Kinachobaki, jambo la kwanza ni maji. Taka hunuka upesi kwa sababu ya majimaji. Chuja mchuzi kwanza, kausha majani ya chai na machicha ya nazi juani, vitu vikavu uvifunge kwa gazeti kuukuu. Mafuta ya kukaangia usiyamwage sinki, yataganda kwenye bomba na fleti nzima iteseke. Yaache yapoe, uyatie katika chupa tupu uifunge kwa kifuniko. Matumbo ya samaki na mifupa, kama una friji, yatie kwenye kopo lenye kifuniko uyagandishe mpaka siku ya mwenye mkokoteni. Mama yangu alikataa kabisa mwanzo. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha.

La pili, ndoo mbili. Maganda mabichi ya ndizi, ya tikiti, na majani ya sukuma wiki yawe peke yake, safi, bila nailoni wala vijiti vya mishikaki. Hayo ni chakula cha mbuzi, lakini yakiota ukungu usimpe mnyama. Wali mkavu usio na chumvi nyingi na machicha ni ya kuku. Wako pia watu hapa Kenya wanaofuga funza wa nzi mweusi, si huyu wa nyumbani, kwa mabaki ya chakula, kisha funza wale wakawa lishe ya kuku na samaki. Na kutenganisha si hiari tena: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yatutaka tutenge taka zinazooza na zisizooza.

Mtu atasema, si zitaoza tu huko jaani? Zikifukiwa chini ya taka nyingine pasipo hewa, hutoa gesi ya methani, inayozidisha joto la dunia na kushika moto. Na huko Mwakirunge zinakopelekwa wapo watu wanaoishi, wenye watoto kama sisi.

Mfugaji mmoja wa mbuzi amekubali kupita jengo letu kila siku baada ya alasiri. Ndoo ya maganda twaiweka chini ya ngazi, na bibi yule ndiye anayeichungulia kama imo nailoni. Mwenye jengo lake na anataka apitiwe, anione mlangoni tukitoka.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.