SIDIRIA ISIYOTUKAA
Maelezo ya Kamati ya Afya siku kikundi kilipotimiza miaka kumi



Wenzetu wa maandalizi walitegemea kamati ya afya ije na lishe. Tumekuja na sidiria. Chekeni tu, hakuna ubaya. Vazi hili ndilo lilikuwa benki yetu ya kwanza. Kabla hatujapata sanduku la kufuli tatu, hisa zilifika mkutanoni zikiwa humo humo, zimelowa jasho, na mweka hazina akizianika mezani kabla ya kuzihesabu.

Lakini kuna jambo tunapaswa kulikiri leo. Miaka mitatu iliyopita mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuseme haya bila kumtaja, alishika ziwa lake la kushoto akakuta kitu kigumu kama punje ya hindi. Hakikuwa na maumivu. Akatuuliza baada ya mkutano, na sisi, tena kwa sauti ya watu wanaojua, tukamjibu kwamba huo ni waya wa sidiria. Akanunua isiyo na waya, akangoja ile punje iondoke. Alingoja miezi saba. Alipokwenda hospitali kwa nauli ya mfuko wa jamii, ikaonekana ni saratani, na ilikwisha fika kwapani. Alikatwa ziwa, akatundikiwa dawa, na leo tunaye. Ndiye aliyepika pilau mnayoisikia harufu yake. Ila ile miezi saba ni yetu sisi.

Maneno yale tuliyatoa wapi? Mwaka 1995 huko Marekani kilitoka kitabu kilichodai kwamba sidiria huziba njia za maji ya mwili yanayokwenda kwenye tezi, na hivyo kuleta saratani ya matiti. Madai hayo yalitembea, hata saluni zetu yamefika. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, mjini Seattle, walitoa matokeo ya kuwahoji wanawake 1,044 wenye saratani ya matiti na 469 wasio nayo, wa umri wa miaka 55 hadi 74. Waliuliza ukubwa wa kikombe, kama ina waya, inavaliwa saa ngapi kwa siku, na mtu alianza kuvaa akiwa na umri gani. Hawakuona uhusiano wowote.

Sasa msije mkasema basi tubanwe tu. Sidiria isiyokaa ina taabu zake. Mikanda ya mabegani ikibeba mzigo wote huchimba mifereji, na shingo inauma. Chini ya ziwa jasho likituama, ngozi huchubuka na fangasi wakapata makazi. Mama anayenyonyesha akibanwa, maziwa huweza kukwama, ziwa likawa gumu na jekundu, na homa juu. Huyo aendelee kunyonyesha na aende zahanati, asijikaze.

Na mitumba, tuseme ukweli. TBS ilishapiga marufuku kuingiza nguo za ndani zilizokwisha valiwa, lakini gulioni tunaziona, na tunazinunua kwa kukadiria kwa macho.

Kipimo chenyewe hakina ugumu. Pitisha futi ya fundi cherehani chini kidogo ya matiti, uikaze kiasi. Inchi hizo ndizo namba: 34, 36, 38. Ukipata 35, anza na 36. Kisha pitisha pale matiti yalipojaa. Ikizidi inchi moja ni kikombe A, mbili B, tatu C, nne D. Viwanda havifanani, kwa hiyo ni lazima ujaribu. Mkanda wa mgongoni usipande juu, maana huo ndio unaotakiwa kubeba. Vidole viwili vipite chini yake, na waya ulale kwenye mbavu, siyo juu ya ziwa. Ikiwa mpya funga kulabu za mwisho. Ikilegea unasogea ndani.

Uvimbe haupimwi kwa futi. Ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, au damu kwenye chuchu, tafadhali usituulize sisi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo, una maumivu au huna. Nauli itatoka mfuko wa jamii, na mweka hazina amekubali kuitoa bila kungoja kikao.

Baada ya chakula fundi atakuwa chumba cha stoo na futi mbili, pazia limeshafungwa. Akina baba tunaomba mbaki hapa na pilau.