Makole na Akiba ya Siku za Dhiki



Kata iliyo ndani ya mji haipimwi kwa kipimo cha kijiji. Viwanja vya Makole ni vidogo, na bustani ya magunia nyuma ya nyumba hutoa mchicha, si ugali. Kuuliza kama kata hii inaweza kujilisha ni kupoteza muda. Swali lenye maana ni hili: bomba likikauka na bei ya unga ikipanda, nyumba moja itastahimili siku ngapi?

Kwa upande wa maji, jibu lina matumaini. Mji hutegemea sana visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na pampu zikisimama mabomba hukauka. Lakini mvua ya Dodoma, ijapokuwa ni ya msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili, hufikia takribani milimita 550 katika mwaka wa kawaida. Milimita moja juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 60. Kwa mwaka, lita 33,000. Hata robo yake ikipotea, familia ya watu watano inayotumia lita 100 kwa siku ingepata maji ya siku 240 na zaidi. Kinachopungua ni chombo: tangi la lita 5,000 hutosha siku 50 tu.

Kuhusu chakula, Ugogo una kumbukumbu chungu. Njaa ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulikuwa mgeni anayejulikana. Safari hii ulikuta vilindo vitupu.

Mtu mmoja akikadiriwa gramu 400 za nafaka kwa siku, familia hiyo ya watu watano huhitaji kilo 180 kwa miezi mitatu. Hayo ni magunia yasiyofika mawili, na kona ya chumba yatosha. Uwele na mtama, ingawa watoto wa mjini huukunjia uso ugali wake, haviliwi na dumuzi kama mahindi yaliwavyo.

Hata hivyo, akiba isiyokaushwa ni hatari. Mwaka 2016, watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu isiyoondolewa kwa kupika. Nafaka ianikwe juu ya turubai, si udongoni. Kisha kiasi kidogo kitiwe pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu na kutikiswa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka irudi juani.

Limebaki jambo lisilozungumzwa sana. Nyumba nyingi za mjini zina wapangaji, na mpangaji hana amri juu ya paa. Familia tatu zikiishi chini ya paa moja, zile siku 240 huwa 80. Mapatano ya mwenye nyumba na wapangaji wake kuhusu mifereji na tangi yanafaa kufanywa kabla ya Desemba, paa nalo lifagiliwe, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite.