Matone Matatu kwa Dakika: Kutunza Kizibo cha Shafti katika Mashua ya Zamani

(Mada hii ilitolewa na fundi wa mashua mbele ya kamati za maendeleo za parokia za pwani. Tumeiweka hapa kama alivyoizungumza, tukiifupisha kidogo.)



Mimi si msemaji, ni fundi. Mada niliyopewa ni utunzaji wa mashua ya tanga yenye injini ya ndani. Mashua ina mambo mengi na muda ni mfupi, kwa hiyo nimechagua kifaa kimoja tu. Wengi wenu hamjawahi kukiona, ingawa mmekaa juu yake mara nyingi mkivuka.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa natunza mashua ya mbao ya parokia moja ya kisiwani. Ilinunuliwa kuukuu kwa michango ya waumini na wafadhili. Siku moja mjumbe wa kamati alichungulia chini ya sakafu, tezini, akaona maji yanadondoka. Akaniuliza mbele za watu, "Fundi, mbona unaiacha mashua yetu ivuje?" Niliona aibu. Nikachukua spana, nikakaza nati mpaka tone la mwisho likakatika. Wote wakafurahi.

Wiki ya tatu mama mmoja alishikwa na uchungu usiku, na upepo ulikuwa umekufa kabisa. Nahodha akaendesha kwa injini saa tatu mfululizo. Namshukuru Mungu, mama alifika na mtoto akazaliwa salama. Lakini wakati wa kurudi nahodha akasikia harufu ya kuungua. Akafungua sakafu, akakuta maji yanaingia kama bomba lililopasuka. Yeye na kijana wake walifua maji kwa ndoo hadi pwani. Shafti ilikuwa imechimbika, haifai tena. Mashua ilikaa mchangani miezi minne tukitafuta fedha za shafti nyingine. Katika miezi hiyo wagonjwa walivuka kwa mitumbwi ya kuazima, na wengine hawakuvuka. Aliyeharibu shafti ile ni mimi, kwa sababu nilitaka kuwapendeza watu.

Kifaa chenyewe ni nini?

Injini iko ndani ya mashua na rafadha iko nje, ndani ya maji. Kinachoziunganisha ni shafti, ambayo hutokea nje kupitia bomba lililo kwenye mbao za tezi. Shafti lazima izunguke, kwa hiyo tundu lile haliwezi kuzibwa kwa kalafati wala kwa lami. Ndipo tunapohitaji kizibo.

Katika mashua nyingi za zamani kizibo hicho ni kikombe cha shaba kilichozunguka shafti, kimeshikwa kwenye bomba kwa mpira mnene na klipu za chuma. Ndani yake kuna pete tatu au nne za kamba ya kitani iliyoloweshwa mafuta mazito. Nati kubwa huzikandamiza pete hizo zishike shafti, na nati ya pili huifunga ile ya kwanza isilegee.

Jambo ambalo sote tulikuwa hatulijui ni hili: kamba ile hupozwa na kulainishwa na maji yenyewe ya bahari. Shafti inapozunguka, kizibo kinatakiwa kudondosha matone mawili au matatu kwa dakika. Injini ikizimwa, matone yakome au yabaki machache sana. Kizibo kikavu kabisa wakati shafti inazunguka kinajiunguza.

Msiogope matone hayo. Matone kama 20 hufanya mililita moja. Kwa matone matatu kwa dakika, mchana na usiku, mtapata kama glasi moja ya maji kwa siku. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita nne kwa siku, na hapo kizibo kinaomba kuangaliwa.

Jinsi ya kukagua na kukaza

Kwanza usalama. Shafti inayozunguka hushika kanga, shati na mkono wa mtu. Wakati inazunguka tazama kwa tochi tu, uhesabu matone. Ukitaka kugusa, zima injini kwanza. Kikombe kikiwa baridi au vuguvugu, ni vizuri. Kikiwa cha moto hata huwezi kukishika, kimekazwa mno.

Matone yakizidi, tumia spana mbili. Legeza nati ya kufungia, kisha zungusha nati kubwa kidogo tu, isizidi robo ya mzunguko. Funga, endesha injini, hesabu tena. Ni afadhali kurudia mara tatu kuliko kukaza mara moja kwa nguvu kama nilivyofanya mimi.

Kubadilisha kamba

Ukiona unakaza kila wiki na matone yanarudi, kamba imekwisha. Usiongeze pete mpya juu ya za zamani, kwani za chini zimekuwa ngumu na hazishiki tena. Toa zote.

Kwa mafundi wa kwetu, wakati mzuri ni bamvua. Pandisha mashua maji yakijaa, iegemeze vizuri, ufanye kazi maji yakipwa. Fungua nati, toa kamba kwa ndoano ndogo bila kukwaruza shafti. Safisha, kisha pitisha ukucha juu ya shafti. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, kamba mpya haitadumu, na shafti hiyo inahitaji kuangaliwa na fundi wa mashine.

Unene wa kamba usikisie. Pima upana wa ndani wa kikombe, toa unene wa shafti, gawa kwa mbili. Kikombe cha milimita 42 na shafti ya milimita 30 vinataka kamba ya milimita 6. Kata kila pete kwa mshazari, ncha zikutane bila kupandana. Ingiza moja moja, na maungio yasiwe mahali pamoja. Kama pete ya kwanza imeungana saa 12 ya uso wa saa, ya pili iwe saa 4 na ya tatu saa 8. Kaza nati kwa mkono tu. Mashua ikishaelea, kagua mara kwa mara katika saa za mwanzo za safari, kwa sababu kamba mpya hujikalia.

Epukeni kamba yenye grafaiti kwenye shafti ya chuma cha pua katika maji ya chumvi, kwani huchochea chuma kuliwa.

Majirani wa kizibo

Kamba ikiisha upesi kila mara, usiilaumu kamba. Tazama kama bushi ya nje imelika, kama shafti imepinda, au kama injini imekaa upande. Mstari wa injini na shafti hupimwa mashua ikiwa majini, kwa sababu mwili wa mbao hubadilika umbo ukiwa nchi kavu. Kwenye kaplingi yenye upana wa milimita 100, tofauti ya mwanya isizidi sehemu moja ya kumi ya milimita.

Mpira unaoshika kikombe ni hatari kuliko kamba. Ukipasuka, mashua itazama ikiwa imefungwa gatini. Uwe mpira mnene wenye nyuzi ndani, na kila ncha iwe na klipu mbili zisizo na kutu. Pia kipande cha zinki kwenye shafti kibadilishwe kikilika nusu, wala kisipakwe rangi. Wenzetu wa maziwa ya maji baridi watumie magnesi badala ya zinki.

Mashua isiyotumika nayo huharibika. Chuma cha pua kikikaa miezi ndani ya kamba yenye maji yaliyotuama, hutobolewa vishimo. Izungusheni shafti kwa mkono mara kwa mara.

Wengine wameuliza kuhusu vizibo vya kisasa visivyodondosha. Ni vizuri, lakini vinataka shafti laini na mstari ulionyooka, na mipira yake ina muda wake wa kubadilishwa. Ukikiweka kwenye shafti iliyochimbika utakuwa umetupa fedha.

Ombi langu

Kwa kamati: wekeni daftari ndani ya mashua. Kila safari nahodha aandike tarehe, saa za injini na idadi ya matone. Mashua isisafiri bila spana mbili, kipande cha kamba ya akiba na pampu inayofanya kazi. Na fundi akiwaambia kwamba matone machache ni ya lazima, msimwaibishe.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa mashua. Tunaomba katika bajeti pawepo pia fungu dogo la kamba, klipu na zinki kila mwaka. Vitu hivyo haviwekewi kibao cha shukrani wala havipigwi picha, lakini ndivyo vinavyomfikisha mgonjwa ng'ambo.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kizibo hiki naongeza: ziba, lakini acha matone yako matatu.