Msichague Chuo kwa Jina la Jezi

Mazungumzo na wanavikundi wa Soko la Toi, Nairobi

 

Leo tunazungumza juu ya barua. Binti wa mwenzetu mmoja hapa Toi, mama anayeuza viatu vya mitumba, alipata barua mbili kutoka vyuo vya Marekani. Makocha waliona muda wake wa mbio wakamtaka. Habari ilipofika sokoni watu walishangilia, na kikundi kikaanza kupanga harambee ya tiketi ya ndege. Swali likawa: aende chuo kipi? Wengi walisema, "Aende kile kikubwa! Jina lake tunaliona kila siku kwenye jezi tunazouza."

Ndugu zetu, hapo tuliomba tusimame kidogo. Ninyi ni mabingwa wa kuchagua. Robota likifunguliwa, nani kati yenu hununua nguo kwa kuangalia nembo peke yake? Mnaigeuza ndani nje, mnakagua mshono wa kwapani, mnavuta zipu. Basi chuo nacho kigeuzwe ndani nje.

Kwanza, tuangalie pesa. Kupewa skolashipu si lazima iwe kulipiwa kila kitu. Pesa za timu ya riadha mara nyingi hugawanyiwa wakimbiaji wengi, mmoja akapata nusu, mwingine robo. Tuseme chuo kinadai dola 30,000 kwa mwaka na kimetoa nusu. Zimebaki dola 15,000, na kwa miaka 4 ni dola 60,000. Harambee moja itanunua tiketi, lakini deni hilo haitaliweza. Wala mtoto asidhani atajilipia kwa vibarua. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi ya chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya nje ya chuo ina masharti makali. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14). Na sisi tuketi.

Pili, tuulize habari ya mguu. Mtoto akiumia, je, karo itaendelea? Ahadi ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote? Makocha nao huhama. Yule aliyeandika barua akiondoka, ahadi inabaki? Majibu yaje kwa maandishi, siyo kwa simu tu.

Hatusemi haya kuwatisha. Wakenya wamepita njia hii miaka mingi. Mwaka wa 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81. Dunia nzima ilimjua. Lakini baadaye pombe ilimsumbua, na kuna wakati alikosa hata mahali pa kulala huko huko Marekani. Alifariki mwaka wa 2024, na tunamkumbuka kwa heshima. Rekodi peke yake haikumlinda.

Mwenzake Mike Boit alipata shaba ya mita 800 huko Munich mwaka wa 1972. Alisoma Marekani mpaka akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi nyumbani kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miguu ilipochoka, kichwa kiliendelea na kazi.

Na msidharau chuo kidogo. Peter Rono aliposhinda dhahabu ya mita 1500 huko Seoul mwaka wa 1988, alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki katika jimbo la Maryland.

Tatu, tuangalie masomo. Binti yetu anataka uuguzi. Je, chuo kinafundisha uuguzi? Kocha atamruhusu akose mazoezi siku ya kwenda hospitali kujifunza? Tena asipofaulu darasani, hataruhusiwa kukimbia.

Nne, jihadharini na madalali. Mwaka wa 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wasome Finland na Kanada. Wengine walikuwa wameuza mashamba. Kwa hiyo, mwandikieni kocha kupitia anwani ya chuo chenyewe. Fomu ya I-20, ambayo mwanafunzi huihitaji kuomba viza ya Marekani, hutolewa na chuo. Mtu akisema atawauzia, shikeni mikoba yenu.

Sasa mtauliza, binti yetu alifanyaje? Tuliketi naye na mama yake, akaandika maswali haya na kuyatuma kwa makocha wote wawili. Wa chuo kikubwa alijibu kwamba nusu ya karo ni ya mwaka mmoja, mengine yataonekana. Wa chuo kidogo alituma karatasi yenye sahihi: karo, chakula na malazi kwa miaka 4, hata akiumia, mradi afaulu masomo. Na uuguzi upo.

Mama hakufurahi mara moja. Alisema, "Watu wataniuliza ni chuo gani hicho, nitasema nini?" Tukamwambia, mama, waambie ni kile kitakachomrudishia binti yako nyumbani akiwa na cheti, mguu uwe mzima au umevunjika. Alinyamaza sana. Mwishowe akasema, "Basi harambee iendelee."

Ombi letu kwenu wanavikundi, wa hapa Toi na wa vijijini, ni moja. Mkiletewa kadi ya harambee ya mtoto anayekwenda ng'ambo, msianze na daftari la michango. Anzeni na barua. Isomwe kwa sauti mbele ya wote, neno kwa neno, na mama yake awepo asikie. Kisha toeni kwa moyo.