LAMI IMEFIKA, NANI ALIULIZWA MTOTO APITE WAPI?

(Mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa kijiwe cha bodaboda, Kasulu mjini)



Nashukuru mmezima pikipiki mnisikilize. Najua kila dakika hapa ni nauli inayopotea, kwa hiyo sitazunguka. Mimi ni mtoto wa Nyakitonto, nimeishia kidato cha nne, sina digrii ya uhandisi. Nina kovu tu hapa gotini. Nitalieleza.

Kwanza tuulizane: kwa nini vijiji vyetu vimejipanga barabarani kama foleni ya sukari? Babu zetu hawakukaa hivyo. Muha alijenga kilimani katikati ya migomba yake, jirani yuko kilima cha pili. Ikaja Operesheni Kigoma mwaka 1972. Watu wakahamishwa, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa, wakawekwa pamoja kando ya barabara ili shule, zahanati na lori la serikali viwafikie. Barabara yenyewe ilikuwa vumbi. Kuku alikuwa analala katikati, akisikia lori ana muda wa kuamka na kuondoka taratibu.

Halafu ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Hifadhi ya barabara kuu ikatoka mita 22.5 kila upande ikawa mita 30. Nyumba zikapigwa X nyekundu. Yaani mzee aliyeambiwa na serikali "jenga karibu na barabara", mwanawe anaambiwa na serikali hiyo hiyo "umeifuata barabara"! Hayo nayaacha, yana siku yake.

Sasa lami. Mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2018. Msinielewe vibaya, sipingi lami. Nani alisukuma basi kwenye tope la masika kwenda Kibondo akaipinga lami? Kuna wakati njia hizi mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Mama yangu alikuwa anafunga pesa kwenye kanga mpaka kifuani. Lami ni haki yetu, tumeichelewesha kuipata kuliko mikoa mingine, na wakubwa wanajua kwa nini.

Ninachouliza ni hiki: kijiji kilichopangwa kwa ajili ya gari moja kwa siku, kikapitiwa na basi la kilomita 80 kwa saa, nani alikaa na wanakijiji akawauliza maji yako upande gani? Shule iko upande gani? Shamba? Mhandisi alipita na darubini yake, akaweka vigingi, akaondoka. Barabara ikachorwa kwa ajili ya anayepita. Anayeivuka hakuwamo kwenye mchoro.

Kovu langu sasa. Nilikuwa nimepanda mshikaki, mimi wa nyuma kabisa. Dereva alikuwa rafiki yangu na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele "kanyaga, kanyaga!" Mbele yetu mama ana kapu la mihogo kichwani, anavuka. Tulipiga honi. Hakugeuka. Tukasema mama kiziwi huyu! Jamani, mtu mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo. Akigeuka, kapu linaanguka. Anasikia, lakini lazima azungushe mwili mzima, na sisi tulikuwa tumeshafika. Rafiki yangu alikwepa, tukaingia mtaroni. Mama alivunjika mkono. Mimi goti. Kwenye kikao cha suluhu wazee wakasema ni amri ya Mungu, tukalipa gharama za matibabu, mambo yakaisha.

Hayakuisha. Nilirudi pale nikahesabu. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akishtuka tu, kabla mguu haujagusa breki, mita 22 zimekwenda. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu akigongwa kwa kilomita 65, hatari ya kufa ni mara nne na nusu ya kilomita 50. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inasema kilomita 50 kwenye makazi. Na pale nilipovunja goti ni makazi, lakini hapana kibao wala tuta. Na njia ya kwenda majini inakatiza hapo hapo kwenye kona!

Mtasema huyu anaota, vijiji vinapanga barabara wapi? Makete vilipanga. Mradi ulianza huko mwaka 1985, wakati Makete ikiwa Mkoa wa Iringa. Wataalamu walikwenda wakapima nani anasafiri, anabeba nini, anakwenda wapi. Wakakuta safari nyingi haziko kwenye barabara wanayoijua wizarani. Ziko kwenye vijia: maji, kuni, shamba, mashine ya kusaga. Na mbebaji mkubwa ni mwanamke, kwa kichwa. Wakatengeneza vijia na vivuko, wakaleta punda.

Dar es Salaam nako, shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi, likachunguza wanafunzi wanapita wapi na wanagongwa wapi. Kisha matuta, njia za miguu, vibao, na pengine geti la shule linahamishwa tu upande wa pili. Si mabilioni! Watoto wanaoumia walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya dunia ya Ross kwa miji.

Sisi tunafanyaje? Tunasubiri mtoto afe, kisha vijana wanaburuta magogo barabarani usiku. Gogo hilo halimuui mwenye basi. Linakuua wewe wa bodaboda, saa tatu usiku, taa moja imekufa. Barabara kuu ni ya TANROADS, za wilaya ni za TARURA. Tuta lisilo na kibao wala rangi ni mtego.

Njia ipo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18, na unatakiwa kila miezi mitatu. Nyie mnaouita mkutano wa wazee, mwachieni nani? Chukueni karatasi, choreni kijiji: shule, maji, soko, kituo cha basi, na kila mahali mtu aliwahi kugongwa. Ipigiwe muhuri na kijiji, diwani aibebe, ifike Bodi ya Barabara ya Mkoa ambako mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti. Mtendaji akisema mhandisi anajua zaidi, mwulizeni mhandisi alivuka mara ngapi pale na ndoo kichwani.

Na hakuna anayezijua kona kuliko nyie. Mnapita mara ishirini kwa siku. Mnajua kijiwe kipi kimekaa vibaya mpaka abiria anashukia katikati ya barabara. Hicho kihamisheni wenyewe, hakihitaji bodi.

Mama yule bado anavuka pale pale. Kovu lake liko kwenye mkono.

Karatasi ninayo hapa, na kalamu mbili. Nani anaanza kuonyesha kona yake?